Mmea usiotaka ukarimu

Mmea wangu wa kwanza wa mitungi, ule unaonasa wadudu na kuwala, niliuua kwa wema.

Nilipoununua ulikuwa na mitungi sita ya kijani, minene, yenye wekundu mdomoni, imening'inia chini ya majani kama vibuyu vidogo vinavyomsubiri mgema. Nilipoufikisha nyumbani nikachungulia kwenye kopo lake nione umepandwa ndani ya nini. Nikakuta nyuzinyuzi kavu, vipande vya magome na vijiwe vyeupe vyepesi. Udongo wa maana hakuna. Nikauonea huruma. Nikauhamishia kwenye chungu kikubwa, nikaujazia udongo mweusi uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, nikawa naunywesha maji ya bomba asubuhi na jioni. Wiki ya tatu mitungi ikaanza kukauka, kuanzia kwenye kifuniko kushuka chini. Nikaongeza mbolea. Kufika mwezi wa nne nilikuwa na kijiti cha kahawia kilichochomekwa kwenye udongo mzuri sana.

Siku hizi dirishani kwangu kuna minne, na kila anayeingia huuliza swali lile lile: unailisha nini? Jibu langu huwa linawavunja moyo. Karibu hakuna.

Kwanza niseme kitu ambacho nilikuwa nimekikosea kabisa, na nadhani wengi hukikosea: mtungi si ua. Ni sehemu ya jani. Jani likishatoka, ncha yake hurefuka ikawa kijikamba, kijikamba kikaning'inia, na mwisho wa kijikamba ukaanza kuvimba. Ule uvimbe ndio unaokuja kuwa mtungi. Wataalamu wa mimea huenda mbali zaidi: kwao mtungi ndio jani lenyewe hasa, na kile kipande kipana tunachokiita jani ni tako la jani lililotanuka. Maua yapo, lakini hutoka juu kabisa ya shina kwenye mche uliokomaa, madogo madogo, na mtu asiyejua anaweza kupita asiyatazame.

Kosa hili lina historia. Mfaransa Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana wa makazi ya Wafaransa kule Madagaska, aliuandika mmea huu mwaka 1658, na yeye pia alidhani mitungi ni maua au matunda yenye umbo la chombo chenye kifuniko. Aliandika kwamba wenyeji hawakupenda kuichuma, wakisema ukiichuma mvua itanyesha siku hiyo hiyo. Yeye na Wafaransa wenzake wakaichuma, na mvua haikunyesha. Huwa napenda jinsi alivyoona lazima aliandike hilo, kama mtu aliyeshinda kesi.

Jina la kisayansi, Nepenthes, lilikuja baadaye. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, ndiye aliyelitumia, mwaka 1737, akilichukua kwenye utenzi wa kale wa Kigiriki, pale Helena anapotia dawa kwenye mvinyo ili wanywaji wasahau huzuni zao. Linnaeus aliona msafiri aliyechoka, akikutana na mmea wa ajabu namna hii, angesahau taabu zote za njiani. Mimi wangu wa kwanza ulinizidishia.

Leo zinajulikana spishi zaidi ya 150. Nyingi ziko Borneo, Sumatra na Ufilipino, lakini jamaa hii imetawanyika kuanzia Madagaska na Shelisheli, ikapita Sri Lanka na vilima vya Khasi huko India, hadi kaskazini mwa Australia na Kaledonia Mpya. Bara la Afrika lenyewe halina hata mmoja wa asili, ingawa majirani wawili wa visiwani wanayo. Na karibu kila mahali inapoota pana sifa moja: ardhi ni fukara. Mchanga uliooshwa na mvua hadi ukabaki mtupu, maeneo yenye tindikali, miamba, mosi, vile vimea vidogo laini vinavyotanda penye unyevu, juu ya matawi ya miti. Mahali ambapo mimea mingine hukonda, huu ulijitafutia naitrojeni na fosforasi kwa njia nyingine, kwa kuichukua kutoka kwenye miili ya wadudu. Mizizi yake ikabaki myembamba, myeusi, dhaifu, kazi yake kubwa ikiwa kunywa maji na kushika shina lisianguke.

Hapo ndipo nilipouponza ule wa kwanza. Mizizi iliyozoea maji matupu niliitumbukiza kwenye samadi. Ilichomwa na chumvi. Na yale maji ya bomba, yaliyokuwa yakiacha ukoko mweupe ndani ya birika, yalikuwa yanaacha ukoko huo huo kwenye mizizi kila siku, asubuhi na jioni.

Wa pili nilinunua kwa adabu. Ulikuwa ule ule chotara unaouzwa sana duniani kote, unaoitwa ventrata, ambao mzazi wake mmoja ni Nepenthes ventricosa ya Ufilipino. Wafugaji wa mimea adimu humdharau ventrata kama wafugaji wa farasi wanavyomdharau punda. Mimi namsifu. Huvumilia joto la mchana na baridi ya usiku, huvumilia hewa kavu kiasi, huvumilia mtu anayejifunza. Sikuugusa udongo wake. Nilipokuja kuuhamisha, mwaka mmoja na nusu baadaye, nilitumia mosi ya sfagnamu iliyokaushwa, magome ya kupandia okidi na perlaiti, vile vijiwe vyeupe nilivyovidharau mara ya kwanza. Mchanganyiko huo ukiukamua mkononi hutoa matone machache tu, na ukiuachia unafumuka tena. Hiyo ndiyo hali unayotaka: unyevu wakati wote, hewa wakati wote. Ukikiacha chungu kikae kwenye sahani ya maji siku nzima, mizizi huoza.

Kwa maji, nakinga mvua. Mvua ikikatika natumia maji yaliyokenekwa au yaliyochujwa kwa mtambo unaotoa chumvi zote. Nilinunua kipima chumvi, kidude kidogo kama kalamu, unakichovya kwenye maji kinakupa namba. Chini ya sehemu 50 kwa milioni nalala usingizi. Maji ya bomba niliyokuwa nikimwagia ule marehemu yalisoma 380. Nilikaa na kile kidude mkononi kwa muda.

Lakini huo wa pili nao ulinitesa, kwa namna nyingine. Ulikaa miezi mitano bila mtungi hata mmoja mpya. Majani yalitoka, tena marefu na ya kijani kilichokoza, ungesema yana afya. Kijikamba kilirefuka, ncha ikavimba kidogo kama punje ya ulezi, halafu ikakauka ikawa nyeusi kama kijiti cha kiberiti kilichozimwa. Jani baada ya jani.

Kila niliyemuuliza alisema unyevu wa hewa. Basi nikanyunyiza maji asubuhi, mchana na jioni. Nikaweka sinia la kokoto na maji chini yake. Nikaufunika na mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, nikaupata ukungu wa kijivu kwenye majani mawili na mtungi sikuupata. Kisha ikatokea nikapaka rangi ukuta wa chumba kile, nikauhamishia kwa muda kwenye dirisha la upande wa mashariki, ambako jua la asubuhi huingia moja kwa moja kwa saa tatu au nne. Rangi ilikauka, mimi nikasahau kuurudisha. Jani lililofuata lilitoka fupi, gumu, lenye rangi nyekundu kidogo pembeni. Na ncha yake haikukauka.

Kumbe ulikuwa na njaa ya mwanga. Mtungi ni kitu cha gharama. Wenyewe hautengenezi chakula kingi kwa jua kama jani la kawaida, kwa hiyo mmea huujenga pale tu unapokuwa na ziada. Mmea ulioko gizani hujenga majani kwanza, majani makubwa ya kukamata mwanga, na mitungi husubiri. Ndiyo maana nasema, ukiniuliza kitu kimoja cha kurekebisha dirishani, rekebisha mwanga kabla hujanunua chombo cha kupuliza mvuke. Kipima unyevu changu husoma kati ya asilimia 45 na 60 siku nyingi, na ventrata huyu anatoa mitungi bila kunung'unika. Ila usiutoe kwenye kona yenye kivuli ukautupa kwenye jua la saa sita lililopita kwenye kioo. Nilifanya hivyo na mmoja, majani yakapata mabaka ya rangi ya karatasi iliyoungua. Usogeze kidogo kidogo, wiki mbili hivi.

Mtungi ule wa kwanza wa dirisha la mashariki niliufuatilia kama mtu anayesubiri mtoto. Uvimbe ulianza kama punje ya ulezi, ukawa punje ya mchele, ukajikunja kuelekea juu. Baada ya wiki mbili ulikuwa kama kidole cha mtoto, bapa, umefunikwa na manyoya laini ya kahawia. Halafu ukajaza hewa. Siku chache tu, ubapa ukaisha ukawa mviringo, na ukiushika kwa vidole viwili unasikia maji yanatikisika ndani ingawa bado umefungwa kabisa. Maji hayo hayakutoka kwenye mvua wala kwenye chupa yangu. Mmea wenyewe umeyatengeneza, pamoja na vimeng'enya vya kusaga nyama, kabla ya mteja wa kwanza kuingia.

Binti wa kaka yangu alikuwa amekuja kwa likizo. Ndiye aliyeuona kwanza.

"Shangazi! Kimeachia!"

Kifuniko kilikuwa kimebanduka upande mmoja, ufa mwembamba kama unene wa ukucha. Tulivuta viti. Hakuna unachokiona kikitembea. Unaenda kuchemsha chai, unarudi, ufa umepanuka. Jioni kilikuwa wazi, na ule mdomo, ambao siku nzima ulikuwa umekunjwa kwa ndani, ulianza kujikunjua nje kama ukosi wa shati. Ulikuwa wa kijani. Ilichukua siku nne tano kuwa mwekundu na kung'aa.

Siku ya sita akaja sisimizi wa kwanza. Alipanda kwa kijikamba, akazunguka mtungi, akafika mdomoni akaanza kulamba. Chini ya kifuniko na kwenye mdomo mmea hutoa mbochi, utomvu mtamu. Tulijua ataanguka. Hakuanguka. Alikunywa akaondoka zake.

"Mbona ni mbovu huu, Shangazi?"

Nami nilidhani ni mbovu. Baadaye nikasoma kazi ya watafiti Holger Bohn na Walter Federle ya mwaka 2004, nikaelewa. Mdomo wa mtungi una matuta madogo mno yaliyojipanga kuelekea ndani. Ukiwa mkavu, sisimizi hutembea juu yake kama barabarani. Ukilowa, kwa mvua, kwa umande au kwa mbochi wenyewe, maji huenea juu ya matuta hayo yakawa utando, na miguu ya mdudu haigusi kitu tena isipokuwa maji. Anateleza kama gari kwenye lami yenye madimbwi. Kwa hiyo mtego unafanya kazi kwa vipindi. Unapokuwa umezimwa, sisimizi mmoja hushiba akaenda kuwaita wenzake. Unapowaka, wanakuja ishirini.

Usiku ule nikapuliza ukungu mwembamba wa maji kwenye mdomo, nikawasha tochi ya simu. Walikuwa saba. Wa kwanza alipokanyaga mdomo, miguu ya nyuma ilitangulia. Hakukuwa na purukushani yoyote, alikuwa pale halafu hayupo, na chini ukasikika mguso mdogo wa maji. Sehemu ya juu ya ukuta wa ndani ina nta, hapandiki. Na maji yenyewe, kwa spishi kadhaa, huvutika kama ute, kila mdudu akitikisa mguu yanamrudisha. Binti alihesabu hadi wanne akasema amechoka, lakini hakuondoka.

Kuna dada yake mmoja, Nepenthes gracilis, ambaye hutumia kifuniko. Wadudu hujificha mvua chini ya kifuniko chake wakilamba, tone la mvua likikipiga kwa juu, kinatikisika wanarushwa ndani. Hili nalo lilichapishwa, mwaka 2012. Na kwenye milima ya Borneo yupo Nepenthes lowii, ambaye mitungi yake ya juu imeacha kabisa habari ya kukamata. Mnyama mdogo, mfano wa panya mwenye mkia wa kuchakuro, huja kulamba utamu ulioko chini ya kifuniko, na ili aufikie inabidi akae juu ya mtungi kama mtu aliyekaa chooni. Anakula na anajisaidia hapo hapo. Watafiti waliopima mwaka 2009 walikuta zaidi ya nusu ya naitrojeni ya majani ilitokana na kinyesi hicho. Choo kinachomlipa mteja! Bado sijapata njia ya kulisimulia hili mezani.

Mimea hiyo ya milimani isikutamanishe. Nepenthes rajah, ambaye mtungi wake hubeba maji zaidi ya lita 2 na ambamo panya wamewahi kukutwa wamezama, huishi kwenye mlima Kinabalu huko Borneo na jirani yake, kati ya mita 1500 na 2650 hivi. Anataka usiku wa baridi, nyuzi 10 hadi 15, kila siku, mwaka mzima. Bila jokofu la kioo humwezi. Wa mabondeni nao hutaka joto na mvuke usiku na mchana. Dirisha la kawaida linawafaa wa kati: ventrata, ventricosa, sanguinea, maxima na machotara wao. Tena spishi zote za jamii hii ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na rajah yuko kwenye orodha kali kuliko zote. Watu huing'oa porini wakaiuza. Ukiona mche mkubwa, mzee, wenye makovu, unauzwa bei ya chini na muuzaji asiyesema umekuzwa wapi, achana nao.

Turudi kwenye kulisha, maana najua mnalisubiri. Ndiyo, niliwahi kuweka nyama. Kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, mbichi. Siku ya tatu chumba kilinuka, siku ya tano mtungi ulilegea ukawa kahawia. Nzi walikuja wengi, hilo siwezi kulikana. Sasa dirisha likiwa wazi mitungi hujikamatia yenyewe. Likifungwa kwa muda mrefu, nadondosha mdudu mkavu mmoja au punje mbili za chakula cha samaki wa kufugwa kwenye mtungi mmoja, mara moja kwa mwezi, na mitungi mingine naiacha. Mbolea kwenye chungu, kamwe. Na anayetaka kuununua amalize mbu nyumbani anunue chandarua. Porini kuna viluwiluwi vya mbu vinavyoishi na kukua ndani ya mitungi hii, raha mustarehe.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, nami niliyamwaga, siku nilipobeba chungu nikakiinamisha. Nikatia maji ya mvua kidogo, robo ya mtungi, ili usikauke, na mmea ukamalizia wenyewe. Mitungi ile iliendelea kukamata kwa miezi miwili zaidi. Na mtungi mmoja mmoja ukizeeka ukakauka, ukate wenyewe tu. Jani likiwa bado la kijani liache, lina kazi.

Mwaka wa tatu shina lilikuwa limepita mita moja, limeegemea pazia, na mitungi ya juu imebadilika: myembamba, isiyo na mabawa yale mawili ya mbele, kijikamba chake kimejizungusha kwenye kitambaa kama kidole. Nikalikata. Vipande vitatu, kila kimoja kikiwa na majani mawili yaliyopunguzwa nusu, nikavizungushia mosi mbichi, nikavifunika. Kimoja kilioza. Kimoja kilikaa miezi mitatu bila kufanya lolote, hata nikawa nakisalimia kwa kejeli. Cha tatu kilichipua, na chipukizi lake likatoa mtungi wa ukubwa wa punje ya mhindi, wenye kifuniko na mdomo na kila kitu.

Hicho nikampa binti, alipokuja likizo nyingine. Nilimweleza habari za maji. Nilimweleza dirisha. Aliitikia kila neno. Jioni ya siku aliyorudi kwao akanipigia.

"Shangazi, usiwe na wasiwasi, umefika salama. Nimeutoa kwenye yale manyuzi makavu, nimeupa udongo mzuri kabisa, wenye samadi."

Nikamuuliza, saa ngapi zimepita?

"Mbili tu."

Nikajaza dumu maji ya mvua, nikatafuta funguo.